Jina la Shujaa wa Kivuva

Hakosekani mtu wa kuja kwangu na swali lile lile. Mwezi jana alikuja mwalimu mmoja kijana kutoka Mutomo, kabeba matoleo sita ya kijarida cha Ngao yaliyoliwa na mchwa pembeni, anataka nimwambie kati ya Kivuva na Jabiri nani alikuwa bingwa wa katuni za mashujaa. Anaandika kitabu. Nilimpa chai, nikamwambia kwamba sina desturi ya kuwasifu watu kwa sababu tu wamekufa. Kivuva alikuwa baba yangu mzazi. Jabiri Shee ndiye aliyenifundisha Kiswahili cha kuandika. Kasoro zao nazijua wote wawili, maana zilinikuta zote kwa mara moja.

Baba alijua miguu. Usicheke. Wachoraji wengi huificha miguu ya watu wao kwenye majani au vumbi, kwa sababu miguu ni kazi. Baba aliichora kidole kwa kidole, na ukimwona shujaa wake amesimama kwenye mchanga wa mto Tiva saa saba mchana, unahisi nyayo zako mwenyewe zinaungua. Lakini hakujua kumaliza. Aliwahi kuanzisha mafuriko yaliyochukua matoleo manne, lori limejaa watu liko katikati ya maji, hadi msomaji mmoja wa Kalamba akaandika kuuliza kama abiria wale wamepewa hata uji.

Jabiri, nyuso zilimshinda. Watu wake wote walikuwa na uso mmoja, kama sufuria za saizi moja zilizopangwa dukani, na mwizi ulimtambua kwa kofia tu. Ila maneno aliyajua. Akimpa jambazi jina, jina lenyewe linakutisha kabla jambazi hajafanya lolote. Na hadithi yake ikifika mwisho imefika: mwizi kafungwa, mjane kapata mbuzi wake, unafunga kijarida umeshiba. Tabu yake ni kwamba kwake jina lilikuwa kama karatasi ya bei. Unabandika, unabandua, unabandika jingine. Mtu wa duka yule, tena wa ukoo wa pwani. Mambo yetu ya huku aliyasikia juu juu.

Ngao ilitoka mara sita kwa mwaka, kuanzia mwaka wa sitini na sita hadi sabini na tisa. Baba alichora nusu ya kwanza hapa Migwani, katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Jabiri alichora nusu ya pili mjini Kitui, nyuma ya duka lake la madaftari, tena akamwandikia baba maneno ya hadithi zake. Kisha Jabiri akapeleka yote Nairobi kuchapwa. Maneno ndani ya viputo, vile vya midomoni mwa watu, niliyaandika mimi tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu mwandiko wangu ulinyooka. Kwenye jalada yaliandikwa majina mawili. Langu halikuwahi kuwapo hata siku moja, na liliniuma, sikatai.

Shujaa wa baba hakuwa na jina. Jabiri katika maelezo yake alimwita Kijana, basi. Toleo la kwanza alikuwa mtoto wa miaka minane, kaptula moja, kifua wazi, anang'oa jabali lililoziba kisima. Shujaa wa Jabiri, yule mwenye koti refu, hakuzeeka hata siku moja kwa miaka kumi na mitatu. Kijana alikua. Alifika tisa, akafika kumi, akabalehe, mabega yakapanuka, ndevu zikaanza kidogo kidevuni. Nilidhani ni ufundi wa baba. Nilijivuna nao shuleni.

Na Kijana hakusema. Baba alimchorea kiputo mdomoni kama watu wengine, lakini akanikataza kuandika ndani.

"Nau, niandike nini hapa?" nilimuuliza mara ya kwanza. Sisi baba tunamwita nau.

"Acha hivyo hivyo."

"Sasa mbona umechora kiputo?"

"Anataka kuongea. Hajapata neno."

Alisema hivyo huku anapuliza wino ukauke, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza kwamba mahindi hayajaiva. Mama yangu, Mbula, hakuingia chumba kile. Chakula cha baba alikiweka kizingitini, akagonga bati, akaondoka. Sikuuliza. Kuna mambo ya nyumbani unayazoea kama harufu ya moshi.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu, Nzomo, wa miaka kumi na saba mwaka huo wa sabini na tisa. Alikuwa na jina la babu yetu mzaa baba, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Mpole, mcheshi, mguu mkubwa. Nilimpenda kupita kiasi, na nalisema hapa wazi ili mtu asije akaniuliza baadaye kwa nini nilifanya nilichofanya.

Mwaka ule macho ya baba yaliingia ukungu. Aliweza kuchora kwa kukaribisha pua kwenye karatasi, lakini kusoma aliacha. Kwa hiyo Jabiri alipochapa tangazo kwenye ukurasa wake wa mwisho, "Wasomaji, mpeni Kijana jina!", baba hakuliona. Jabiri alijua baba angekataa, maana walikwisha kugombana juu ya jina mara tatu. Mimi nililiona, nikanyamaza. Nilichoka na viputo vitupu.

Barua zilikuja wakati baba yuko Mutomo, hospitali ya misheni, anatibiwa macho. Jabiri alileta gunia zima. Tulikaa kibarazani mimi na Nzomo tukafungua, huyu anasoma, huyu anaandika. Majina yalikuwa ya kuchekesha: Simba wa Kitui, Chuma, Kilonzo Mwenye Nguvu. Kisha Nzomo akacheka zaidi.

"Dada, ona! Huyu amesema ni Nzomo! Mimi nimekuwa shujaa."

Barua iliyofuata nayo ilisema Nzomo. Kufikia adhuhuri tulikuwa nazo kumi na tisa, za mikono kumi na tisa tofauti, kutoka Mutomo, kutoka Kalamba, kutoka mahali ambapo hakuna mtu aliyetujua. Jina la ndugu yangu halikuwahi kuchapwa popote. Moja ilikuwa ya mtoto wa Kalamba, penseli, mistari inapanda mlima. Niliisoma mara mbili. "Jina lake ni Nzomo. Aliniambia mwenyewe nikichota maji."

Nilimwonyesha Jabiri. Akapiga kofi la furaha kwenye paja.

"Mtoto ana fasihi huyu, wallahi!"

"Lakini Mzee Jabiri, hilo ni jina la ndugu yangu."

"Binti yangu, jina ni jina. Migwani peke yake kuna akina Nzomo wangapi?"

Wengi, kweli. Nami nilitaka kumfurahisha ndugu yangu, aende shuleni atambe. Baba alikuwa ameacha kurasa za toleo lile zimekamilika, na katika ule wa mwisho Kijana amejaza karatasi nzima, anatazama moja kwa moja kwa msomaji, mdomo wazi, kiputo cheupe pembeni. Nikachovya kalamu, nikaandika: MIMI NI NZOMO. Wino wetu kwa kawaida ulichukua dakika tano kukauka. Siku hiyo ulikauka kabla sijainua mkono.

Baba alirudi kijarida kimekwisha kuuzwa. Alikishika karibu na pua, akafungua polepole hadi mwisho. Kisha akaketi chini, kwenye udongo, na suti yake ya kanisani.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Wangu, nau."

"Mama yako ameona?"

"Hapana."

Akakikunja kikawa kidogo sana, akakitia mfukoni. Nilitamani anipige. Hakunigusa wala hakunisemesha siku mbili.

Siku ya tatu, saa sita mchana, jua limesimama na hata kuku wamejificha, mama alitoka jikoni akaita, "Nzomo! Chakula!"

"Ĩĩ, mwaitu." Naam, mama.

Sauti ilitoka chumba cha mabati. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, yenye mkwaruzo, kama ya mtu ambaye hajawahi kuitumia. Mama aliganda na mwiko mkononi. Na pale pale Nzomo akatokea upande wa pili, kutoka kwa mbuzi, jasho linamtiririka, akatuuliza mbona tunamwangalia hivyo.

"Si umeitwa?" nikasema.

"Nani ameniita? Sijasikia kitu."

Nilikimbia kwenye chumba kile. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na meza, chupa za wino, na miaka kumi na mitatu ya Kijana imebandikwa kutani, mstari kwa mstari, kuanzia mtoto hadi mtu mzima. Kurasa za karibuni zilikuwa zimebadilika. Baba hakuwa na tabia ya kutia vivuli, macho hayakumruhusu, lakini Kijana sasa alikuwa na kivuli chini ya miguu, na kilianguka upande mmoja na kivuli cha meza.

Mambo ya ndugu yangu yalianza siku hiyo. Shuleni mwalimu wao, Bwana Nzioka, aliita rejista akamruka. Kesho yake akamruka tena. Mwalimu alikuja nyumbani kuomba radhi, mtu mzima anafuta jasho, anasema jina analiona limeandikwa lakini jicho haliwezi kulikalia, linateleza. Na Nzomo mwenyewe aliniambia neno ambalo silisahau. Alikuwa ameketi kitandani, ananiangalia mdomo.

"Dada, mkiniita siskii. Mengine yote naskia, hata nzi. Jina langu nikiitwa, naona tu midomo inatembea."

"Nzomo."

"Umeniita?" akauliza. Nyuma ya nyumba mtu akaitika.

Tulimpeleka kanisani Jumapili. Mchungaji aliweka mkono juu ya kichwa chake mbele ya watu wote, akaanza, "Bwana, tunamleta mbele zako mtumishi wako," akanyamaza. "Mtumishi wako..." Akamwangalia baba kuomba msaada. Mchungaji yule ndiye aliyembatiza. Watu walianza kukohoa, na mwishowe akasema "kijana huyu", akamaliza haraka. Nilisikia baba akivuta pumzi. Kijana ndilo lililokuwa jina la yule mwingine, na sasa wamebadilishana.

Baada ya hapo Nzomo alianza kuisha. Hakuwa na homa, wala hakukataa kula. Alipungua tu, kama sabuni. Asubuhi moja hakuweza kusimama, mama akamwinua, mtu wa miaka kumi na saba, kwa mkono mmoja, na mkono ule ukapanda juu bila kutarajia jinsi alivyokuwa mwepesi. Mama akapiga ukelele.

"Ni mwepesi kama yule!"

"Yule nani?" nikauliza.

Ndipo mama aliponitoa nje, akanikalisha nyuma ya ghala, akaniambia. Kabla yangu alikuwapo mtoto. Mwaka wa hamsini na nane, wa kiume. Huku kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu, na siku ya nne baba yake humvisha mkufu wa shanga, ndipo anakuwa mtu. Kabla ya hapo bado ni wa aimu, wale waliotangulia, wamemkopesha tu. Huyo alifariki siku ya pili. Wanawake wakamzika bila matanga, kwa sababu huwezi kumlilia asiye na jina. Baba alikuwa mzee wa kanisa hata wakati huo. Hakuruhusiwa kuamini jambo lile, na hakuweza kuliacha. Mwaka ambao mtoto angefikisha miaka minane, baba akaanza kumchora.

"Alimlea huko ndani," mama alisema. "Miaka yote. Mimi nilimzaa, sikuweza kuingia kumwangalia."

"Na jina la babu..."

"Lilikuwa lake. Yeye ndiye wa kwanza. Ndugu yako amelivaa tu kwa sababu mwenyewe hakufika." Akanishika mkono kwa nguvu. "Sasa amekuja kulichukua, na siwezi kusema ni mwizi."

Niliwahi kusikia watu wakisema hasira inapanda. Yangu ilishuka, ikaenda miguuni. Nilimchukia baba kwa kunificha, nikamchukia Jabiri kwa kucheka, nikauangalia mkono wangu wa kulia nikauchukia zaidi.

Nilimtumia Jabiri ujumbe. Alifika kesho yake saa nane mchana, kofia kichwani, anatania tangu langoni. Baba alimshika mkono. Alimwongoza hadi chumba cha mabati, akamwambia, "Mwite. Wewe ndiye uliyempa jina."

Jabiri akatabasamu. "Nzomo," akaita.

"Ĩĩ."

Jibu lilitoka kutani, karibu na sikio lake. Sijawahi kuona mtu akivua kofia namna ile, kwa mikono yote miwili. Alisoma dua kimoyomoyo, kisha akaketi kwenye kiti cha baba bila kuombwa. Nitamsifu hapa: wengi wangekimbia. Yeye aliomba karatasi.

"Hadithi iliyoharibika hutengenezwa kwa mwisho," alisema. "Mzee Kivuva, hujawahi kuimaliza hata moja. Hii tutaimaliza. Afe vitani, apumzike."

"Alishakufa mara moja," baba alisema. "Simuui mimi."

"Basi tubadilishe jina. Tumpe jingine."

Tulijaribu. Baba alichora kisanduku kimoja, uso na kiputo, mimi nikaandika KILONZO, la kwanza nililolikumbuka katika zile barua. Tulisimama watatu tukitazama. Herufi zilikauka, zikapasuka, zikadondoka mezani kama masizi, kiputo kikabaki cheupe. Tukaandika MUSEMBI. Likadondoka. Jabiri alitunga majina mazuri siku hiyo kuliko yote aliyowahi kutunga, na yote niliyafagia kwa kiganja.

"Hayo si majina ya watu wake," baba alisema hatimaye. "Jina ni la kutoka nyumbani. Lazima liwe limebebwa na mtu wa hapa, au linamgoja yeye. Ukimvisha la mgeni atalivua."

"Nyumbani hapa kuna majina mangapi?" Jabiri akauliza.

Hatukuwa tumemwona mama. Alikuwa kizingitini, pale anapoweka chakula, na kwa mara ya kwanza ameingiza mguu mmoja ndani. Alikuwa anatazama kutani, mtoto wa miaka minane, wa tisa, wa kumi, mkono umeziba mdomo.

"Ni mzuri," alisema. "Hukuniambia ni mzuri hivi."

Baba akainamisha kichwa.

Jina langu mimi sijalitaja mpaka hapa, na msomaji atakuwa ameona. Nilipozaliwa sikupewa jina la bibi yangu, kama inavyopasa binti wa kwanza. Nilipewa jina la mtoto anayekuja baada ya mwingine kupotea, jina la aliyerudi. Shuleni niliulizwa mara nyingi nilirudi kutoka wapi, nikacheka tu. Sasa nilijua. Nilikuwa nimelibeba jina la mtu mwingine kama ndugu yangu, miaka kumi na tisa, na hakuna aliyerudi.

"Mpeni langu," nikasema.

Baba aligeuka kuniangalia kwa yale macho yake ya ukungu. Jabiri alifahamu upesi kuliko wote, maneno yalikuwa kazi yake, akasema, "Binti, umemwona ndugu yako alivyo. Unajua litakalokupata?"

"Ndugu yangu alinyang'anywa. Mimi natoa. Labda si sawa."

"Labda," akasema Jabiri. Uongo wa kunifariji hakuutunga, nami namshukuru.

Jina hutolewa na wanawake. Kwa hiyo ilikuwa ni juu ya mama kusema ndiyo au hapana, na alisimama pale muda mrefu, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Kutoka nyumbani tulimsikia Nzomo akikohoa, kikohozi chepesi kama cha mtoto. Mama alinitazama usoni. Aliniita jina langu, mara moja, taratibu, na nililisikia lote, kila silabi. Kisha akageukia kutani akaliita tena.

Ilikuwa siku ya kwanza. Tulifuata desturi kama ilivyo, kwa sababu baba alisema hawezi kukosea mara ya pili. Siku tatu alichora ukurasa mmoja tu, Kijana amesimama mlangoni mwa nyumba yetu hii hii, miguu yake mizuri ile kwenye kizingiti. Jabiri hakwenda Kitui, alilala kwenye gunia ghalani, akaandika sentensi moja akaifuta mara arobaini. Siku ya tatu mama aliniletea wino mwenyewe. Sentensi ya Jabiri ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kuandika, nami niliiandika ndani ya kiputo kwa mwandiko wangu bora: NIMEFIKA. MIMI NI KASYOKA.

Tulingoja. Herufi hazikupasuka. Zilikuwa na ubichi kwa dakika tano kamili, kama wino wowote.

Siku ya nne baba alimchorea mkufu wa shanga shingoni. Ushanga mmoja mmoja, pua imegusa karatasi, machozi yakidondoka akiyafuta kwa mkono wa shati yasiharibu kazi. Alipomaliza wa mwisho aliweka kalamu chini. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mitatu: pembeni, chini, akaandika MWISHO.

Nilitoka nje. Mama alikuwa mlangoni mwa nyumba, akaita, "Nzomo!"

"Ĩĩ, mwaitu! Nina njaa!" Na ndugu yangu akatoka, ameshika ukuta, miguu yake mikubwa ile, anacheka kwa sababu amesikia. Nililia kama mtoto. Sijawahi kufurahi hivyo tena.

Kisha mama akanigeukia. Midomo yake ilitembea.

Nyuma yangu, chumbani, mtu aliitika. Sauti haikuwa na mkwaruzo tena. Nami niliuona uso wa mama unavyochanua, mama aliyengoja miaka ishirini na moja kumwita huyu, na nikajua kwamba hata akitaka kuniangalia mimi wakati ule asingeweza. Sikumkasirikia. Lakini iliniuma, na bado inauma.

Sikuisha kama Nzomo. Nilichotoa kwa hiari kilichukuliwa kwa upole, nadhani. Nimefundisha watoto miaka kumi na minne, nao huniita mwalimu. Ndugu yangu huniita dada, na ana watoto wanaoniita shangazi. Hayo yote nayasikia. Lile toleo lilikuwa la mwisho la Ngao. Baba hakuchora tena, akafariki mwaka wa themanini na nane, na Jabiri akamfuata baada ya miaka mitatu. Huyu mwalimu wa Mutomo aliniuliza tena wakati anaaga: basi bingwa alikuwa nani? Nikamwambia baba alimpa miguu ya kufikia mlangoni, na Jabiri akampa neno la kusema alipofika, na mmoja bila mwenzake angemwacha njiani. Aliandika hayo. Kisha akafungua ukurasa mpya akaniuliza jina langu ni nani, alitie kwenye kitabu.

"Tia 'binti Kivuva'," nikasema.

Mama yu hai, mzee sasa. Alasiri hukaa kibarazani akitazama upande wa chumba cha mabati. Huzungumza na mwanawe wa kwanza, na wakati mwingine hucheka, na mimi hupeleka vikombe viwili vya chai, kimoja chake na kimoja nakiweka kwenye kizingiti kile. Juzi nilikuwa nachagua maharagwe nikainua macho nikakuta ananiangalia. Midomo yake ikatembea, taratibu, kama siku ile. Nyuma ya nyumba hakuna aliyeitika. Labda alikuwa amelala, sijui. Labda alikuwa ananipisha. Sijui mama alimwita nani kati yetu.

Niliinuka nikaenda hata hivyo.